Anayejua kushona asipewe cherehani

Jamani nimerudi. Najua nilipotea tangu mwezi wa tatu, mlionitumia meseji asanteni, sijaumwa wala sijahama, nilikuwa nashona tu. Nashona sare za askari ambao hawapo, wa nchi ambayo haipo, na kabla hujasema baridi ya Leeds, huku Uingereza, imenipanda kichwani ngoja nikueleze vizuri.

Kuna mchezo huku wanaupenda sana, wanauita LARP, na kwa vile Waingereza wengi hiyo r ya katikati hawaitamki masikioni unasikia "laap", mi nitaandika lapu tuendelee. Ni maigizo lakini hayana jukwaa, hayana watazamaji, hayana maneno ya kukariri. Mnakodi kambi ya maskauti wikiendi nzima, kila mtu ana mhusika wake, huyu mfalme, huyu mganga, huyu mwizi wa ng'ombe, mnakula mnalala mnagombana humo humo mkiwa wahusika, na mapanga ni ya sponji yamepakwa mpira juu ili mtu asitolewe jicho. Hapa Uingereza mambo haya yalianza kujulikana 1982, kikundi kimoja kinaitwa Treasure Trap kilikuwa kinachezea kwenye ngome ya Peckforton kule Cheshire, ngome kweli ya mawe, siyo kama sisi na mabanda yetu ya skauti yenye harufu ya soksi.

Ukicheka cheka, ila kama wewe mtu wa pwani usicheke sana. Ngoma ya beni ilikuwa nini? Babu zetu Lamu, Mombasa, Tanga, Dar walivaa magwanda wakapeana vyeo vya kijeshi, kundi la Marini huku la Arinoti kule, wanashindana kwa mavazi na matarumbeta mpaka wakoloni wakaanza kuingiwa na wasiwasi hawa jamaa wanacheza au wanapanga kitu. Mimi nilipoona watu wazima wamevaa majoho wanapigiana saluti porini sikushtuka hata kidogo, nilichowaza ni nani amewashonea hizi nguo, mbona pindo limekwenda upogo.

Na hapo ndipo nilipojiponza. Kikao cha kwanza wakauliza nani anajua kushona, nikasema "kidogo". Mama alikuwa na cherehani cha miguu nyumbani Tanga, nimekulia chini ya meza yake naokota pini na vipande, kwa hiyo kwa adabu ya kwetu mtu hajisifu, unasema kidogo. Sasa watu kama 20 walikuwa wanangoja mmoja tu aseme kidogo. Nilitoka pale nimekuwa fundi mkuu.

Kabla sijaendelea ujue kwanza nguo zenyewe ni za nani. Wachezaji wanaolipa kiingilio wanakuja na nguo zao. Sisi wa kujitolea tunaitwa kruu, na kazi yetu ni kuwa dunia nzima iliyobaki, asubuhi wewe ni askari wa doria, mchana zimwi, jioni mtawa mwenye siri, saa nne usiku unauawa mara tatu na watu tofauti. Kwa hiyo nguo za kruu ni mali ya kikundi, lazima zimwenee yeyote, mwembamba na mnene, zivalike juu ya jaketi maana usiku wa Mei huku bado ni baridi, na zivulike ndani ya dakika mbili gizani. Hakuna zipu. Hakuna vifungo. Ni kamba na mikanda tu, na vizibao virefu visivyo na mikono, mbele kitambaa nyuma kitambaa, ubavuni wazi, unachomeka kichwa unafunga mkanda umekuwa jeshi.

Mwaka wa kwanza nilishona vyote peke yangu. Sitaki hata kuielezea sana ile miezi, jua tu kwamba jirani wa chini aliniandikia kikaratasi kuhusu ile kelele ya saa nane usiku. Watu walinishukuru sana, wakanipigia makofi kambini, mmoja akanipa jamu. Mi nimekaa pale na kikombe changu cha chai nawaza sijacheza hata dakika moja, nimekuja kwenye mchezo nimegeuka karakana.

Mwaka wa pili nikasema hapana, tugawane. Na nikagawa vile tunavyogawa sare za harusi kwetu, unajua kamati inanunua kitambaa kila mtu anapewa chake anaenda kwa fundi wake. Na ungekumbuka sare za harusi zinavyotoka ungenizuia! Huyu kashona gauni la mkia, huyu kakata mgongo wote, shangazi kaongezea lesi aliyokuwa nayo kabatini. Ikawa hivyo hivyo. Niliwapa watu 12 kila mmoja kitambaa na karatasi ya vipimo, vikarudi vizibao nane, vitatu kati ya hivyo vinamtosha mtoto wa darasa la pili kwa sababu mtu alisahau akiba ya mshono, kimoja kimefuliwa kabla ya kushonwa kingine hakikufuliwa kikaruka na kupungua baada ya mvua ya kwanza, yaani jeshi moja lakini kila askari ametoka vita yake. Na wale wanne ambao hawakurudisha sio kwamba ni wavivu. Nilikuja kuelewa baadaye, mtu asiyejua kushona ukimpa kitambaa akae nacho peke yake nyumbani anaogopa kukikata, anakiweka juu ya kiti, kila akipita anakiona anajisikia vibaya, mwisho anaanza kukukwepa wewe.

Kwa hiyo mwaka huu nimefanya kinyume, hatukugawa nguo, tumegawa hatua. Tulikodi ukumbi mdogo wa mtaa Jumamosi moja kuanzia saa nne asubuhi. Vitambaa vyote nilivifua na kukausha wiki moja kabla, maana kotoni nzito na kitani vinaruka ukivifua na ni bora viruke bado ni jora kuliko viruke vimeshakuwa nguo. Hesabu nilishapiga: kizibao ni sm 100 mbele na sm 100 nyuma, upana sm 70, kitambaa cha upana wa sm 150 ukikata mita 2 na kidogo unapata viwili, kwa hiyo vizibao 18 ni kama mita 19. Joho la nusu duara linakula mita 3 za upana huo huo, majoho sita mita 18. Hapo tukapunguza, majoho mawili tukayapata kwenye mablanketi ya sufu ya mitumba. Kuna aliyetaka tununue flisi, kile kitambaa laini cha majaketi, kwa sababu ni rahisi, nikakataa kabisa, kambini kuna moto kila usiku na flisi ni plastiki, cheche ikiruka inayeyuka na kukung'ang'ania mwilini, sufu inaungua taratibu inanuka nywele unapata muda wa kuivua.

Sasa ukumbini nikapanga meza. Ya kwanza kukata, hapo nilikaa mimi na dada mmoja mwenye mkono mtulivu, patani, yaani kielelezo cha kukatia, tumeichora kwenye karatasi ya ukutani iliyobaki kwa mtu. Ya pili kubana pini. Kisha cherehani nne, kisha pasi, kisha kamba na mikanda, na nje kwenye veranda wale wa kuchakaza, maana askari wa vitani hawezi kuwa na nguo inang'aa kama ya dukani, unaipiga msasa mabegani na kwenye pindo, unaichovya kwenye majani ya chai, unaipaka matope kidogo. Hiyo ya kuchakaza watu waligombania. Kumbe kila mtu mzima moyoni ana hamu ya kuharibu nguo mpya kwa ruhusa.

Kwenye cherehani sasa ndio palikuwa na kesi. Wanaume karibu wote walisema wao ni wanaume hawajui kushona, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikawaambia nendeni Kariakoo, nendeni baraza lolote Tanga, mafundi waliokaa nyuma ya cherehani wengi ni wanaume, wamevaa tepu shingoni kama daktari anavyovaa kipimo chake, mwanamke ndiye anasimama anapimwa. Wakaangaliana. Mmoja fundi wa makabati akasema basi mimi si ninatumia msumeno wa umeme, hiki kina tofauti gani, akakaa, na nakuapia kwa mshono ulionyooka hakuna aliyemfikia siku ile, yule mtu amezoea kufuata mstari wa chaki maisha yake yote.

Kitu ambacho sikukiwaza ni bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Cherehani nne zimetoka nyumba nne, kila moja na bobini yake, kwa macho zinafanana kabisa lakini moja ni nene kidogo, ukiiweka sipo uzi unajikunja chini unatoka kiota cha ndege. Tulipoteza karibu saa nzima watu wanadhani wao ndio wameharibu mashine. Mwisho nikachukua rangi ya kucha, nyekundu mashine hii, bluu mashine hii, kila bobini ikapakwa. Na sindano, kwenye yale mablanketi usithubutu na sindano nyembamba ya kawaida, weka namba 16, la sivyo zitavunjika moja moja na kila ikivunjika mtu anapiga ukelele.

Ila kazi ngumu kuliko zote siku ile ilikuwa yangu, kutokukaa kwenye cherehani. Naona mtu anashona mshono unapinda kama barabara ya Lushoto, mikono inaniwasha. Zamani ningemwambia lete, ngoja nikusaidie, na huo msaada ndio uliotufikisha pale, maana ukimpokonya mtu mara moja harudi tena kwenye kiti, na wewe ukishakaa kila mwenye swali anakuja kupanga foleni mgongoni kwako, kazi nzima inasimama nyuma ya mtu mmoja. Nikajiuliza swali moja tu, askari huyu atakufa saa nne usiku kwenye majani marefu, nani atauona mshono wake? Basi nikawa narudi kwenye mkasi wangu. Kukata ndio nilikuwa sikuachia, hilo nakiri, mshono unafumuliwa lakini kitambaa kikishakatwa vibaya kimekwenda.

Mpaka saa kumi na moja jioni tulikuwa na vizibao 18 na majoho manne. Aliyeniokoa zaidi siyo wa cherehani, ni jamaa mmoja mkimya aliyeshika pasi kutwa nzima, kila mshono ukitoka yeye anaulaza, anaufungua, nguo iliyopinda ikipita kwake inaonekana ya fundi. Mama alikuwa anasema nusu ya kushona ni pasi, nikadhani anataka tu nimpigie pasi. Yule jamaa hakuongea na mtu, hapendi kelele za mashine akawa amevaa vizuia sauti masikioni, saa ya kuondoka akaniuliza lini tena.

Sasa hilo la makofi nina kinyongo nalo kidogo. Kambini wametushukuru, "timu ya mavazi" tukasimama wote tukapigiwa makofi, vizuri. Lakini wiki mbili baada ya kambi kuna kazi nyingine ambayo hakuna anayeipigia makofi, nayo ni kufua. Mvua ilinyesha Jumamosi yote, nguo zote na mikanda zikaingia kwenye mifuko ya takataka zikiwa mbichi na matope yake. Mwaka wa pili mifuko ya hivyo ilikaa kwenye gereji ya mtu siku 10, tulipoifungua harufu ilitoka kabla ya nguo, ukungu umeota, vitu vingine tukatupa. Ukipiga hesabu ya saa, kufua, kukausha, kushonea vilivyochanika na kutunza kunamaliza muda kuliko kushona kwenyewe, na kila msimu kunarudi, wakati kizibao unakishona mara moja.

Kwa hiyo safari hii hakuna aliyeondoka kambini mikono mitupu. Mifuko minane, kila mmoja una namba na vizibao vitatu au majoho na vitu vidogo, unaweka sahihi kwenye daftari, na ndani kuna kikaratasi: kotoni digrii 40, sufu maji baridi kwa mkono, usikamue, laza bapa. Niliandika kwa herufi kubwa. Mtu mmoja mzuri sana, mwenye nia safi kabisa, ameweka joho la sufu kwenye mashine digrii 60 kwa sababu alitaka litakate. Lilitakata. Sasa linamtosha mdoli, limekuwa gumu kama zulia, tumeamua ni la jini mdogo ambaye bado hatujamtunga.

Mifuko sita imerudi. Namba 5 bado iko kwa mtu, nimemwandikia kwenye grupu mara mbili kwa upole, ananijibu kwa emoji ya kucheka. Na namba 2 ni wangu mwenyewe, upo hapa korido nauona ninavyoandika, nimeuruka siku ya nne leo, ngoja niende nikaufungue kabla haijafika jioni, leo angalau kuna jua la kuanikia.