Kunde za Bibi, miaka 14 ndani ya kopo

Kopo lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kwa kitambaa na mpira. Nilipolitikisa, mbegu zikalia kama changarawe. Nikamuuliza mama, "Mama, hizi si zile kunde za Bibi?"

"Ndizo, mwanangu. Alizichuma msimu wake wa mwisho. Hakuna aliyepanda tena."

Nilizimwaga mezani nikazihesabu: 63. Nyingi zilikuwa za kahawia zenye madoa, na chache nyekundu iliyoiva. Bibi hakuwahi kuzitenganisha. Alisema zimezoeana. Kunde hizo zilikuwa zake tangu ujana wake. Zilitambaa ardhini, zikavumilia jua kali, na majani yake yaliendelea kuchumwa hata baada ya kunde nyingine zote kukauka. Sijaona mbegu za namna hiyo zikiuzwa popote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilichukua 20, nikazitumbukiza kwenye bakuli la maji usiku kucha, kama nifanyavyo kwa mbegu mpya. Asubuhi zilikuwa zimevimba, maganda yamepasuka, nusu zake zimeachana, na maji yamegeuka mazito yenye utelezi. Siku ya tatu ukungu mweupe ulizifunika zote. Mbegu 20 za Bibi zikaenda hivyo, na siku ile sikuweza kula.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichotokea. Mbegu ikikauka sana, utando wa seli zake hupoteza mpangilio. Mbegu changa ikipata maji huutengeneza upesi. Iliyozeeka huchelewa, na maji yakiingia kwa kasi, sukari na vitu vingine vya ndani huvuja nje kabla utando haujajifunga. Ule utelezi niliouona bakulini ulikuwa chakula cha mche, na ukungu ndio uliokila. Maharage, kunde na jamii yao huumia zaidi kwa sababu hunywa maji kwa pupa.

Kwa hiyo mara ya pili sikuzigusisha maji kabisa. Nilichukua chupa pana yenye kifuniko, nikatia maji kidogo chini, nikatandaza mbegu 20 juu ya kipande cha wavu kilichoning'inia juu ya maji, nikafunika. Zilikaa humo siku mbili zikivuta mvuke tu. Kisha nikazihamishia kwenye kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe tone, mahali penye joto. Kila asubuhi nilizikagua moja moja. Yenye ukungu niliitoa, zilizobaki nikazigeuza.

Kunde mpya huchipua kwa siku mbili au tatu. Siku ya sita hapakuwa na kitu. Siku ya tisa niliona kando ya jicho la mbegu moja ncha nyeupe, ndogo kuliko punje ya chumvi. Niliitazama kwa muda mrefu nikiogopa hata kuipumulia. Kesho yake ilikuwa imejikunja kuelekea chini, ikitafuta udongo. Zikafuata nyingine tano. Miche miwili ilitoka na majani yaliyokunjamana ikafa. Minne ilikua, ikatambaa, ikazaa. Kunde hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo sikuhangaika sana kuzitenga na kunde za jirani. Ingekuwa mahindi, ningehitaji mashina mia na zaidi, tena mbali na mahindi mengine, ili aina isidhoofike.

Watu huniambia nina bahati kwamba Bibi "alizihifadhi". Mimi naona kopo halikuhifadhi kitu. Lilichelewesha kifo tu. Kuna kanuni ya Harrington ambayo watunza mbegu huitumia: punguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, au joto la mahali inapokaa kwa nyuzi 5, na umri wake huongezeka takribani mara mbili. Zile za juu ya kabati, chini ya paa la bati, zilikuwa zikihesabu kinyume. Hata ghala la mbegu la Svalbard huko Norwe, lililofunguliwa mwaka 2008 na kuweka mbegu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, halimwondolei mtu kazi ya kupanda. ICARDA, kituo cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, kilipokatwa na vita ya Syria kutoka kwenye hazina yake ya mbegu ya Aleppo, kilichukua mbegu kilizokuwa kimeziweka Svalbard mwaka 2015, kikazipanda Lebanoni na Moroko, na mwaka 2017 kikaanza kurudisha mbegu mpya.

Zangu mpya nimezikausha kivulini hadi ukiing'ata moja inavunjika badala ya kubonyea. Nimezifunga kwenye chupa isiyopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, kisha nikazigandisha siku kadhaa ili mayai ya fukusi yafe. Fungu moja nimempa dada yangu apande kwake. Lingine litaingia ardhini kwangu msimu ujao.

Lakini bado sijatulia. Mashina manne yote yalitoka kwenye mbegu za kahawia. Hakuna nyekundu hata moja iliyoota, na mchanganyiko wa Bibi bila nyekundu si ule aliouacha. Katika kopo zilibaki mbegu 23, na nyekundu humo ni tatu tu. Jana jioni niliziweka zote tatu juu ya wavu. Leo maganda yake yameanza kupoteza mng'ao, hayajakunjamana, na maji yaliyo chini hayajazigusa.