Meno ya Maji ya Chai

Umeme ulikatika nikiwa nimepanua mdomo.

Ilikuwa Jumamosi mwishoni mwa 2023, mgao umepamba moto, nami nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno katikati ya jiji la Mwanza, pamba zimejazwa mashavuni utadhani jineri. Meno manne yalikuwa tayari. Mawili ya upande wa kushoto, bado. Mashine ya kufyonza mate ikakoroma, ikafa. Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, nayo ikanyamaza.

"Tulia dada, jenereta inawashwa," daktari akasema.

Jenereta haikuwaka. Nilimsikia kijana akivuta kamba huko chini dirishani, akivuta, akimlaani fundi asiyekuwepo, akivuta tena. Baada ya nusu saa daktari akanitoa pamba moja moja, akavua glovu, akaniambia taa yake ya kugandishia ina chaji hata ya kutwa nzima, lakini bila upepo na maji ya mashine hawezi kuosha jino wala kulikausha, na jino lenye unyevu halishiki kitu. Jumatatu asubuhi, zamu ya umeme ya mtaa ule, tumalizie.

Akanipa kioo. Ukinitazama kutoka kulia, nilikuwa tangazo la benki. Ukihamia kushoto, nilikuwa mtoto wa Maji ya Chai.

Maji ya Chai ipo Arumeru, chini ya Mlima Meru, na jina lake halina fumbo: mto wake una maji ya rangi ya chai. Nilizaliwa huko, tukahamia Mwanza nikiwa darasa la tatu, baba alipohamishwa na kazi ya reli. Kule nyumbani sikujua kwamba nina meno mabaya, maana kila mtu alikuwa nayo. Bibi, mchungaji, mwenye duka, wote tulicheka kahawia. Mwanza ndiko nilikojua. Wiki ya kwanza tu shuleni Nyakato mwalimu wa zamu alinitoa mstarini nikapige mswaki, nikarudi, akanitoa tena. Jina la "Kutu" nililipata siku hiyo, nikamaliza nalo darasa la saba. Nilisugua kwa mkaa, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa chumvi na ndimu mpaka fizi zikatoka damu. Mdogo wangu aliyezaliwa Mwanza alikuwa na meno meupe kama tui, na wapo majirani waliomtazama mama yangu kwa jicho la hesabu.

Daktari huyu ndiye wa kwanza kunieleza vizuri. Rangi ya ule mto haina kosa. Kinachoharibu ni floraidi, madini yasiyo na rangi wala ladha, ambayo maji huyachukua kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na kuzunguka Meru ziko chemchemi zinazopita hapo mara kadhaa. Akaniuliza kama kwetu tulikuwa tunalainishia maharage magadi. Nikasema tulikuwa tunalainishia kila kitu. Akatikisa kichwa: nayo magadi huwa yana floraidi. "Haya meno yako ya mbele yaliharibikia ndani ya ufizi kabla hayajaota, hujaanza hata shule. Mswaki ungeyafanya nini?" Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Nilitamani nimtafute yule mwalimu wa zamu.

Lakini siyo Kutu iliyonipeleka pale. Ni kwaya. Mwaka uliotangulia tulirekodi video, mimi ndiye niliyeongoza wimbo studio, na siku ya kupiga picha mwalimu wa kwaya akaniita pembeni, akazungukazunguka, kisha akasema kamera ya siku hizi inaona sana. Mbele akasimama mwenzangu mwenye mwanya mzuri, akachezesha midomo juu ya sauti yangu. Mimi nikawekwa safu ya tatu, nyuma ya mtu mrefu. Video ilipotoka watu walimpongeza yule dada kwa sauti. Alikuwa muungwana, kila mara alinitaja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwanakwaya mmoja ndiye aliyenitumia ujumbe wa sauti kuhusu vinia za "komposti", maganda membamba ya kufunikia meno. Mimi nimekulia migombani, komposti naijua, ni mboji ya samadi na majani, nikajiuliza mjini watu wanapakana nini mdomoni. Kumbe ni kompositi, ile ile plastiki ngumu yenye unga wa kioo inayozibia meno ya mbele. Zile za kauri hudumu zaidi, ila hutengenezwa maabara na bei yake sikuithubutu. Hizi daktari anazifinyanga palepale mdomoni, na jino halichongwi sana. Bei ya jino moja ilikaribia kodi yangu ya mwezi. Nilisubiri tugawane kikoba.

Kwenye rangi tulibishana. Alinisogezea safu ya vimeno vya mfano, nikaonyesha cheupe kuliko vyote. Akacheka. "Hiki ni cheupe kuliko weupe wa macho yako. Watu watayaona meno kabla hawajakuona wewe." Tukashuka hatua mbili.

Kazi yenyewe sikuitegemea iwe ya taratibu vile. Aliparuza madoa kidogo, hata ganzi hakunichoma. Kisha akapaka asidi ya bluu, nzito kama jeli ya nywele, akaiacha kwa muda mrefu kidogo maana, alisema, jino la floraidi ni bishi, asidi hailiingii upesi. Akaosha, akakausha, akanionyesha kwenye kioo: jino langu la kahawia lilikuwa limefifia na kupauka kama chaki, halina mng'ao kabisa. Hapo nilitaka kulia, nikidhani ndiyo basi. Akapaka gundi. Akapaka tabaka jembamba lisilopitisha mwanga, la kufunika doa. Ndipo akaweka kompositi, kitonge laini kama ngano iliyokandwa, akaitandaza kwa kijiko chembamba, akaichora mstari huku na kijibonde kule, akiinamisha kichwa chake kama mama anayesuka mtoto. Kila tabaka likipigwa taa ya bluu sekunde ishirini. Mlio, tabaka jingine, mlio. Alianza na mawili ya katikati, akaenda kulia. Angeanza kushoto sijui ningeandika nini leo.

Nikatoka na mdomo wa pande mbili. Kwenye daladala ya Nyakato nilitafuta kiti cha dirishani upande wa kushoto, dirisha lione Maji ya Chai na abiria waone Mwanza. Konda akaniuliza nashukia wapi, nikamjibu kwa pembe ya mdomo kama mwenye kiharusi.

Baba alikuwa barazani na kikombe chake. Alistaafu reli akakaa hapahapa, na hajawahi kuziba mdomo akicheka. Anacheka kichwa kikiwa nyuma, meno yote nje, na yake yana mashimo kabisa, kama jiwe la volkano. Huniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama. Mbona unaongea umefunga mlango?"

Akaniambia nisogee mwangani. Akanishika kidevu akanigeuza huku na huku kama anakagua ndama mnadani. Akahesabu kwa kidole, bila kugusa.

"Haya manne ni ya daktari," akasema. Akageuza kidevu. "Na haya mawili ni ya mama yangu."

Sikuwa na la kujibu. Akauliza nimelipa kiasi gani. Nikataja nusu. Akasema angenunua ndama, akanimiminia chai, nami nikalazimika kuikataa, kwa kuwa daktari alinikataza chai siku za mwanzo. Kompositi hunywa rangi. Baba alicheka hadi akaweka kikombe chini: mtu wa Maji ya Chai kakatazwa chai!

Jumapili niliimba vilevile, nusu kwa nusu. Nilikusudia kuaga naumwa, lakini zamu ya kuongoza ilikuwa yangu. Kuna mtoto mmoja benchi la mbele alinikodolea macho ibada nzima, akihama upande huu na ule, kama anayefuatilia mpira.

Jumatatu umeme ulikuwepo. Mawili yakamalizika upesi, akanipa karatasi ya rangi nikaiuma, akasawazisha, akang'arisha kwa vidiski vidogo, akanisomea masharti: nisimenye muwa kwa meno haya, nisifungulie soda, nirudi kung'arishwa, na nisishangae baada ya miaka mitano, saba, yakihitaji kufanywa upya. Kisha akauliza, "Na ya chini?" Nikamwambia hela imeisha. Ilikuwa imeisha kweli.

Video iliyofuata tulipigia Capri Point, juu ya mawe, ziwa nyuma yetu, vitenge vikipepea. Nilisimama mbele. Mwalimu wa kwaya alinipanga mwenyewe, hakuniangalia usoni. Ilipotoka nilimpelekea baba kwenye simu. Akaitazama kimya, miwani puani, meno yangu ya juu yakimetameta humo muda wote. Ukafika ule mstari wa mwisho ambapo sauti inapanda, mdomo unapanuka wote, na safu ya chini inajitokeza, kahawia tupu.

"Hapo," baba akasema, akinisukumia simu. "Rudisha hapo."