Vijiti Pembezoni mwa Daftari

Mwaka 2009 nilikuwa karani wa ghala moja huko Shimanzi, Mombasa, na kila Jumamosi alasiri niliwalipa mahamali ujira wao, shilingi 350 kwa siku. Jumamosi moja hamali mmoja wa makamo, ambaye sote tulimwita Mzee ingawa mvi zake zilikuwa za kuhesabika, aliniomba nimsindikize dukani, kwani aliona deni lake la juma hilo limezidi na hakutaka kubishana na mwenye duka bila shahidi anayejua hesabu.

Duka lilikuwa dirisha tu lenye wavu, na kwenye wavu huo kulining'inia kiberiti cha gesi kilichofungwa uzi ili wateja wasiondoke nacho. Sigara ziliuzwa moja moja kwa shilingi 5, ijapokuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku uuzaji wa namna hiyo. Pakiti ya sigara 20 ilikuwa shilingi 90, kwa hiyo aliyenunua moja moja ndiye aliyelipa zaidi. Lakini ni hamali gani atakayetoa 90 kwa mkupuo asubuhi, kabla hajajua kama lori litakuja?

Katika daftari, pakiti mbili za unga, mafuta ya kupima na sabuni viliandikwa kwa bei zake. Sigara hazikuwa na bei. Zilikuwa vijiti vya kalamu pembezoni mwa ukurasa, vinne vinne, na cha tano kikivikata. Nilivihesabu, vikawa 48.

"Mia mbili na arubaini," nikasema.

"Hebu rudia, karani."

Nikarudia. Unga na mafuta kwa pamoja havikufika hapo, na huo ulikuwa mwaka wa ukame, unga ukiwa ghali.

Vijiti hakuvikana. Kilichomshangaza ni jumla yake, na mimi kilinishangaza zaidi, kwa kuwa nilijua kwamba alitembea kwa miguu kutoka Mikindani, akivuka Makupa alfajiri na jioni, ili aokoe nauli ya shilingi 20 kwenda na 20 kurudi. Sigara nane kwa siku zilikuwa arubaini hiyo hiyo. Hata hivyo sikumwona mbadhirifu. "Ukivuta mbili na chai ya rangi, tumbo linanyamaza mpaka jioni," alinieleza, na ni kweli kwamba nikotini hupunguza hamu ya kula. Wanaoiita sigara ya kibarua anasa sidhani kama wamewahi kujitwika gunia la kilo 90 bila chakula cha mchana.

Alilipa deni lote, kisha akamtaka mwenye duka aandike bei kando ya vijiti kuanzia Jumatatu. Mwenye duka akasita.

"Mke wako humtuma mtoto na daftari hili, Mzee."

Mzee akafikiri kidogo, akasema bei hizo ziandikwe kwenye karatasi nyingine, nayo ibaki huko huko dukani.