Mbuzi Hauzwi

Mwezi huu bando langu limeisha mapema, na wa kulaumiwa ni mbuzi.

Kuna kundi moja la Facebook la kuuziana vitu vya nyumbani hapa Kisumu ambalo mimi hulipitia usiku, watu wakishalala. Sinunui kitu. Basi jamaa mmoja wa upande wa Mamboleo akaweka picha ya kochi la watu watatu, rangi ya kahawia, kitambaa bado kizuri, 12,000, bei ya kuongea. Ila kwenye ile picha, katikati ya kochi, yupo mbuzi. Wala hapiti njia. Amekunja miguu, kidevu kiko juu ya mkono wa kochi, anaitazama kamera kama mwenye nyumba aliyeamshwa na wageni. Muuzaji hakumtaja popote kwenye maelezo yake.

Swali la kwanza: "Huyo mbuzi ni ngapi?" La pili: "Ni dume ama jike?" Mwingine akataka kujua kama anaweza kuletewa hadi Kondele. Muuzaji akawajibu mmoja mmoja, kwa adabu zote, "Mbuzi hauzwi, ndugu yangu. Ni kochi." Mama mmoja akamwambia, "Basi mtoe tuone kochi." Kesho yake picha mpya ikaja. Mbuzi ametolewa kweli, lakini pale alipolala pamebonyea na pamejaa manyoya meupe. "Na hayo manyoya tunaongezwa bure?" Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimejiuliza kwa nini hiyo ilinipata kuliko vichekesho vyenyewe, maana vichekesho si haba. Siku hizi kila kijana mwenye simu ni mchekeshaji: anajifunga leso na kitambaa cha kichwa amwigize mama yake, anajitupa kwenye matope, anamwagia mwenzake maji huku mwingine akirekodi. Wachache wana kipaji na Mungu awazidishie. Waliobaki naona wananitazama mimi kuliko ninavyowatazama wao, wanangoja nicheke. Muuzaji wa kochi hakuwa anangoja kicheko cha mtu. Alikuwa anatafuta 12,000.

Ukiangalia vizuri, picha nyingi zilizowahi kuiteka nchi hii ni za watu walio kwenye shughuli zao. Tarehe 8 Agosti 2017 tulipiga kura, na jamaa mmoja kule Nairobi akanaswa kwenye foleni anakula githeri kutoka kwenye karatasi ya plastiki. Hiyo tu. Mtu alikuwa na njaa. Haikuchukua muda vijana wakawa wamemkata na kumbandika kila pembe ya dunia, ameketi na marais, githeri mkononi. Huku kwetu siku zile joto lilikuwa juu, na sikumbuki kitu kingine ambacho watu wa mrengo huu na wa mrengo ule walitumiana bila kutukanana. Kabla mwaka haujaisha akatunukiwa nishani na rais. Ile karatasi nayo ilikuwa inahesabiwa siku: tarehe 28 mwezi uleule marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza, kwa hivyo kwa foleni ya marudio ya Oktoba angelazimika kuja na bakuli.

Lakini kwangu mimi bingwa ni simba wa Meru. Mei 2021, katika kijiji cha Kinyana, watu waliona simba kwenye ua wa boma moja. Uso tu ndio ulioonekana, umetulia katikati ya majani. Askari wa wanyamapori, wale wa KWS, wakaitwa, wakaja wamejiandaa kwa simba. Wakamkuta mfuko. Mfuko wa kubebea vitu vya dukani, umechorwa uso wa simba, na ndani yake mna miche ya avokado iliyowekwa humo isikauke. KWS wenyewe ndio waliotutangazia mtandaoni, na hapo niliwavulia kofia, maana ofisi nyingi zingezika habari hiyo pamoja na miche. Walioita askari wala siwacheki sana. Wewe ukikuta uso wa simba kwenye ua wako asubuhi, utasogea ukague kama ana vishikio?

Ya Bungoma ndiyo imenishinda. Mei 2016 mwanamume mmoja alining'inia kwenye vyuma vya chini vya helikopta iliyokuwa imeuleta mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma, ikapaa naye juu ya mji watu wakipiga mayowe, na mwisho wake akaanguka. Alipona, ila alilazwa akiwa ameumia. Kabla hata hatujapata habari za hospitali, mtandao ulikuwa umeshampa jina la James Bond. Mimi pia nilicheka na nikasambaza. Ile video ikinijia tena huitazama mpaka helikopta inapopita juu ya mapaa ya mabati, halafu naifunga.

Kundi letu la familia ni habari nyingine. Humo vitu vingi huja na ile mishale miwili ya kuonyesha vimeshazunguka sana: dawa ya kitunguu saumu, onyo kuhusu maji baridi, sala ambayo usipoisambaza utajuta. Tangu Aprili 2020, WhatsApp huruhusu ujumbe wa namna hiyo upelekwe kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati, na mjomba wetu wa Yala aliliona hilo kuwa njama dhidi yake binafsi. Akahamia kwenye kurekodi sauti.

Majuzi alirekodi kuhusu mchango wa paa la nyumba ya nyanya. Anaanza vizuri, anatusalimia kwa majina, wakubwa kwanza. Anafika kwenye hesabu: "Sasa kila mmoja wetu atatoa..." Jogoo anawika. Mjomba anamngoja amalize. "Nasema kila mmoja wetu atatoa..." Jogoo tena. Kimya kidogo. Kisha unasikia kiti kikisukumwa, malapa yakienda mbio, "Toka! Toka hapa!" kwa mbali, kuku wanapiga kelele, mlango unabamizwa. Baada ya muda anarudi kwenye simu akihema: "Kwa hivyo tumeelewana."

Kundi zima kimya. Binamu yangu wa Nakuru akajipa moyo: "Samahani mjomba, ulisema ngapi?" Kabla mjomba hajajibu, shangazi akaandika, "Jogoo amesema elfu mbili."

Mjomba hakucheka. Alituma rekodi nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, kueleza kwamba jogoo huyo si wake, ni wa jirani, kwamba jambo hilo lilikwisha kufikishwa kwa mzee wa mtaa, na kwamba mtu mzima hawezi kushindwa kuongea nyumbani kwake kwa sababu ya kuku. Kiasi cha mchango akasahau tena kukitaja.

Tumetoa elfu mbili mbili.