Nimerudi Mlimani nikiwa na miaka 47
Jamani, nimerudi shule! Baada ya miaka mingi ya kufundisha sekondari, nimeanza shahada ya uzamili ya Kiswahili pale TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzangu wengi ni rika la binti yangu. Wananiita mama, na wananitumia makala kwenye simu hata kabla sijaziomba. Mungu awabariki.

Ninachokipenda zaidi ni semina. Unatoa hoja, inachambuliwa mpaka mfupa, kisha unarudi kwenye ile maktaba kubwa iliyofunguliwa 2018 kuitafutia ushahidi. Nilikuwa nimeisahau raha hii ya kutojua jambo na kupewa muda wa kulitafuta. Fonolojia, somo la mfumo wa sauti za lugha, bado inanitoa jasho.

Tasnifu yangu nataka ihusu Kimakunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja. Mwenye wazee huko anijulishe, tafadhali.