Nilivyomwandaa kijana wangu kujikinga na homa ya uti wa mgongo kabla hajaenda chuo

Kijana wangu alikuja huku Uingereza akiwa ameshamaliza fomfoo, na chanjo ya MenACWY, ya homa ya uti wa mgongo, wenzake wanachomwa shuleni wakiwa na miaka 14 hivi, kwahiyo yeye ilimpita. Kadi yake ya kliniki ya Bongo ina surua, ina pepopunda, hiyo haimo. Alipopata chuo nikapiga simu kwa GP, yani kliniki ya daktari wetu wa mtaa, nesi akasema aje tu, ni bure mpaka atimize miaka 25, akachomwa sindano moja ikaisha.

Sasa hapo ndo wazazi wengi wanaridhika. Hiyo sindano inakinga makundi manne ya vijidudu, A, C, W na Y. Kundi B halimo, na B ndo linaloongoza kwa wagonjwa huku! NHS, huduma ya afya ya serikali, inawapa chanjo ya B watoto wachanga toka 2015, kijana wa chuo unamlipia mwenyewe famasi, dozi mbili, na sio hela ndogo. Tulijikamua tukalipa maana hosteli wanashea jiko, vikombe, vepu, na vijidudu vyenyewe vinakaa kooni kwa mtu mzima wa afya asiyejua kitu.

Kazi ilikuwa dalili. Mabango karibu yote yanaonyesha vipele kwenye ngozi ya mzungu, mwanangu mweusi tii, utaviona wapi? Nikamwambia angalia viganja, nyayo, ndani ya kope, kwenye kaakaa. Tukachukua glasi ya maji, unakandamiza ubavu wake juu ya kipele, ukiona rangi haipotei unapiga 999, namba ya dharura, hapohapo. Akaniuliza, "mama, na kama hamna vipele?" Swali la maana, kwasababu vinaweza kuchelewa au visitoke kabisa. Homa, kichwa kinapasuka, shingo imekakamaa, mwanga unaumiza macho, kutapika, mikono na miguu ya baridi huku mwili unachemka, mtu anaongea havieleweki, hizo zinatosha na wala hazitoki zote kwa pamoja.

Kinachonitisha mimi ni Jumapili asubuhi, mtoto yuko hivyo halafu wenzake wanasema hangova tu, wanamfungia mlango alale. Ndo maana siku ya kupeleka mizigo niliongea na wote anaokaa nao pale jikoni, yani mwenzenu akilala na homa mnaenda kumuamsha, mkiona anazidi hamsubiri vipele. Walicheka cheka, ila mmoja akatoa simu akamuuliza mama yake kama alishachanjwa, akaambiwa bado.