Uso uliogombana na kanga: jinsi nilivyoiokoa picha ya shangazi

Wiki tatu nilikwama. Kanga na mikono nilivichora kwa uhalisia, uso nikaukata bapabapa kikubisti, yaani kwa vipande vya maumbo ya kijiometri, nyuma nikajaza rangi kali kama za mchoraji Mfaransa Matisse. Kila sehemu ilipendeza peke yake, ila kwa pamoja ziligombana.

Kilichonifungua macho ni picha ya mwandishi Mmarekani Gertrude Stein aliyoichora mchoraji Mhispania Picasso. Mwaka 1906, baada ya vikao vingi, aliufuta uso wote, akaenda Hispania, kisha akauchora upya Stein akiwa hayupo: macho mazito, sura kama barakoa, athari ya sanamu za kale za Kiiberia, za Hispania ya kale. Mwili ukabaki wa mtindo wa awali. Kwa nini mitindo hiyo miwili haigombani? Nikaitazama mno. Hudhurungi imetanda usoni, kwenye nguo, hadi nyuma yake, ikaunganisha yote.

Picha yangu ilipokauka, nikachanganya hudhurungi kidogo na mafuta ya kitani, nikapaka utando mwembamba kote, nikaufuta kwa kitambaa penye mwanga tu: kwenye paji la uso na pindo la kanga. Mstari wa taya nikauteremsha hadi begani bila kuukata.

Shangazi aliitazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hayo macho ni ya bibi yako."